Kinanda Kwenye Tamasha la Kina Mama

Chumba cha juu, duka la vitambaa,
Jumanne asubuhi, kabla ya kufungua.

Mpendwa Chiriku wetu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote uliowaacha huku. Hujambo wewe? Kile kikohozi ulichokitaja kimepona, au bado unakitibu kwa kukipuuza kama kawaida yako? Kula vizuri, na ukiambiwa kazini upumzike, pumzika, usijifanye chuma. Mimi sijambo. Mgongo unalalamika kwa sababu ya cherehani, nami nimeuzoea kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Mama ni mzima. Habari zake ndizo zilizonikalisha kuandika, lakini zitafika kwa zamu yake, kwa hiyo usirukie ukurasa wa mwisho. Nakujua.

Mjomba amenunua miwani mipya na sasa anasoma kila kibao cha barabarani kwa sauti. Tukienda naye sokoni tunafika tumechoka masikio kabla ya miguu. Anasema barua zako fupi mno, na safari hii nakubaliana naye.

Sasa habari yenyewe. Ile nyumba uliyokaa kabla ya kusafiri, ya kina mama waliokimbia vipigo vya waume zao, imejaa. Vitanda vimefika hadi barazani. Kamati yao ikaamua kuandaa tamasha la muziki katika ukumbi wa chuo cha ufundi ili wapate fedha za kuongeza vyumba. Mimi nilipewa kazi ya kushona pazia la jukwaa, na kwa kuwa nililishona, nikapewa na kazi ya kulivuta. Wanakamati wakiona mtu hana la kufanya kwa dakika moja, humtafutia.

Mpango ulikuwa hivi. Kwaya inaimba, kisha mtangazaji wa redio anasimama mbele ya pazia na kusimulia kisa cha mmoja wa kina mama, bila jina wala mahali, huku kinanda kikimsindikiza taratibu. Halafu kwaya tena. Mtangazaji alivishika visa vyote kwa kichwa kutoka mdomoni mwa mlezi wa nyumba. Unaikumbuka kanuni yao: hakiandikwi kitu, na jina la mume halitajwi kamwe, lisije likapenya nje likamfikia mwenyewe.

Kanuni ni nzuri, na safari hii ndiyo iliyowaponza. Walipotafuta mpiga kinanda, mwalimu wa kwaya akawaletea aliye bora mjini, mtu mpole, mwenye adabu, anayejulikana na kila mtu kwa jina la Vidole. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumkataa. Yule mlezi aliyekuwa akikubadilishia bandeji hakujua kwamba Vidole ndiye mume uliyemkimbia, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyekukataza kumtaja.

Nilimkuta Ijumaa, siku ya mazoezi. Nilikuwa juu ya ngazi natundika pazia, nikasikia kinanda, nikajua kabla sijageuka. Akanisalimu vizuri. "Shemeji, siku nyingi. Za kazi?" Nikamjibu kwamba ni nzuri. Sikuanguka kwenye ngazi, na hilo nalihesabu kuwa ushindi.

Nikamvuta mlezi kando, nikamweleza. Alikaa juu ya spika, tukashauriana. Tungemfukuza, tungelazimika kutoa sababu, na angejua kwamba ulipitia pale. Tukaona heri apige, aende zake. Ndipo mlezi akaniambia jingine. Kisa chako kilikuwa miongoni mwa vile vitakavyosimuliwa, kwa ruhusa uliyomwachia. Akaniuliza kama akiondoe. Nikamwambia aniachie nifikiri.

Na mama naye, siku hiyohiyo, akapita ukumbini kuniletea chakula. Vidole akamwona, akashuka jukwaani, akampokea kikapu, shikamoo mama, pole na safari. Unajua mwenyewe anavyoweza. Tulipokuwa tunarudi nyumbani mama alikuwa anatembea kama kijana. Akaniambia mkwe wake amejirudi, anataka kukuomba radhi, na yeye amemwahidi kumpa anwani yako tamasha likiisha. Anwani anaijua kwa kichwa, maana yeye ndiye hupeleka barua zetu posta.

Nilimweleza tena yale niliyomweleza siku zote, kwamba alikuwa anakupiga, na anakupiga vibaya. Akanijibu, "Kugombana hata mimi na baba yenu tuligombana. Mbona sikupanda gari nikapotea?" Hasemi kwa ubaya. Anasikia neno kupigwa, lakini anachokiona kichwani mwake ni watu wawili kununiana mezani.

Asubuhi yake nikamwambia mlezi kisa kiachwe. Nilitaka mama akisikie kwa mdomo wa mtu asiye mwanawe. Nilijua Vidole naye atakisikia, na atajua ulipita wapi, jambo lilelile tulilolikwepa. Lakini kujua ulipopita si kujua ulipo, na ulipo, ukiniondoa mimi, alipajua mama peke yake. Wewe hukuulizwa. Hapakuwa na muda wa barua kwenda na kurudi. Niliogopa, Chiriku, niliogopa sana. Ukinikasirikia una haki.

Jioni yake, Jumamosi, ukumbi ulijaa. Mama alikaa safu ya tatu, amevaa gauni lake la bluu, na kila wimbo ulipokwisha alipiga makofi kuliko waliomzunguka. Nilimwona akimwonyesha Vidole kwa jirani yake, na sikuhitaji kusikia anachosema. Visa viwili vya mwanzo vilipita. Mama alisikitika kama watu wanavyosikitika kwa habari za kina mama wa watu wengine, akatikisa kichwa, akapiga makofi.

Kisha kikaja chako. Nakuandikia kama kilivyosimuliwa, ujue kwamba hakikuongezwa wala kupunguzwa:

"Mama yangu alikuja kututembelea. Alituletea saa ya ukutani. Mume wangu akaitundika mwenyewe, kisha akampigia kinanda. Mama alipiga makofi, akaomba wimbo mwingine. Mimi nilikuwa jikoni. Mkono ulikuwa umevunjika tangu asubuhi, nimeufunga kwa kitambaa cha vyombo na kuuficha ndani ya mtandio, namimina chai kwa mkono uliobaki. Nikawapelekea chai. Mama alipokuwa ananiaga, akaniambia nina bahati ya mume."

Vidole hakukosea hata noti moja. Ila ilipotajwa saa ya ukutani alianza kukandamiza kwa nguvu, hadi kinanda kikataka kuyafunika maneno. Fundi wa sauti hakujua lolote. Kazi yake ni mtangazaji asikike, kwa hiyo akakipunguza. Vidole akakandamiza zaidi, fundi akapunguza zaidi. Mwishoni mwenzetu alikuwa anapiga kwa nguvu zake zote, jasho linamtoka, na ukumbini hasikiki kabisa.

Mama alikuwa ameinua mikono tayari kwa makofi. Hakupiga. Watu wote walipopiga, yeye aliitazama mikono yake, akaiingiza chini ya mapaja, akaikalia. Hakuitoa tena hadi tamasha likaisha. Mimi nilisahau pazia, na mwalimu wa kwaya alinipungia mpaka akachoka.

Watu walipoanza kutoka, Vidole akashuka moja kwa moja hadi safu ya tatu, anatabasamu kama kawaida. Nikamkimbilia mama nikiwa bado na kamba ya pazia mkononi. Nilichelewa kidogo, lakini nilisikia.

"Mama, ile anwani."

"Nimeisahau," mama akasema.

"Jana ulikuwa unaijua kwa kichwa."

"Ndiyo. Jana nilikuwa naijua."

 Kisha akamwambia asimwite mama, na nyumbani kwake asifike tena. Alisema taratibu, kwa sauti ileile anayotumia kumwambia muuza duka kwamba leo hanunui. Vidole akanigeukia mimi, akaiona kamba, akaona na mlezi amekuja kusimama nyuma yangu pamoja na mafundi wawili wa jukwaa. Akachukua koti lake akaondoka.

Kwa usalama, mlezi anashauri kuanzia sasa barua zako zipitie kwake, nami nitafanya hivyohivyo. Usimwambie mtu wa huku unapofanya kazi, hata akijitambulisha kuwa ni ndugu. Sidhani kama atafika huko, lakini sitaki kuishi kwa kudhani.

Wapangaji wenzako wape salamu, hasa yule mwenye kukulazimisha kunywa dawa, mwambie asichoke. Shangazi anakusalimu, anauliza kama huko kuna baridi, na hata ukimjibu mara ngapi atauliza tena. Mjomba nimekwisha kumtaja hapo juu, lakini amenitaka niongeze salamu zake.

 Leo mama amefika hapa mapema, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia nikuandikie. Nilidhani anataka nikuombe radhi kwa niaba yake. Hapana. Hiyo amesema atakuja kuiomba mwenyewe, siku utakayomruhusu. Kwa sasa anauliza jambo moja tu. Kikombe kile cha chai alikipokea kutoka kwako, na tangu Jumamosi anajaribu kukumbuka ulimpa kwa mkono gani. Hakumbuki. Anasema hakuwa anakutazama. Anauliza ulikuwa mkono upi, na kama uliunga vizuri.

Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akupe usingizi usio na mashaka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye leo kuliko jana,
Fundi Mapazia.