Nilisema "Sawa" Bila Kutazama Fundo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi maana Jumamosi iko mlangoni. Mimi ni mkaguzi wa lifti, mwaka wa kumi na mbili huu, na sijisifu nikisema lifti niliyoipitisha mimi watu huipanda wakisinzia, na siku za mapumziko mimi na shemeji, mume wa dada yangu, hukwea majabali ya chokaa nje ya mji, mmoja anapanda, mwingine yuko chini ameshika kamba, na kabla mguu haujaacha ardhi lazima kila mmoja akague fundo la mwenzake pale kiunoni. Sasa juzi shemeji alikuwa ananitania kuhusu kitambi changu, nacheka mpaka machozi, akauliza, "Tayari?" nikajibu, "Sawa, panda," wala sikutazama, kumbe alipitisha kamba kwenye mkanda, akainama kufunga kiatu, hakurudi kulimalizia fundo. Amefika juu kama ghorofa ya tatu, akaita, "Kaza kamba, nataka kukaa nining'inie nipumzike!" ndipo nikaona ncha ya kamba inacheza kiunoni pake, haikufungwa, nikamwambia, "Usikae! Shika jiwe, sogea kulia, kuna ukingo mpana," akasogea, nikamwambia afunge upya, akashuka salama akiuliza kulikoni, na mimi mdomo ukanitangulia, nikasema fundo limelegea kwa kusugua jiwe.

Tangu hapo ni sifa tupu, "Shemeji ana jicho huyu!" na Jumamosi wananikabidhi binti yao wa miaka tisa nimpandishe, dada anasema hamwamini mwingine. Nikisema ukweli heshima yangu imekwisha. Nikinyamaza, si hakuna aliyeumia?

Mkaguzi

Mkaguzi, pole, na hongera pia. Uliona hatari, ukatuliza sauti, mtu akashuka mzima. Hilo ni lako, hakuna wa kukunyang'anya.

Sasa nisikilize, maana umeniudhi. Kusahau kutazama ni kosa la mara moja. Lakini umemwaminisha shemeji yako kwamba fundo lililokamilika hufunguka lenyewe, na kwamba wewe ukiwa chini yeye hana haja ya kujitazama. Atapanda na uongo huo kila wiki. Lifti ikianguka utaandika "imechoka yenyewe" uende zako nyumbani? Ebo!

Leo hii ukitoka kazini pitia kwao. Wakalishe shemeji na dada pamoja, useme: "Sikutazama, nikadanganya." Usipambe, na habari za kitambi ziache nje. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki.

Mtoto atapanda siku watakayoamua wazazi wake, si wewe. Siku hiyo, mkiwa bado chini, mfundishe fundo mpaka alijue, kisha funga lako vibaya makusudi, umwambie, "Haya, mkague mjomba." Akiliona kosa akakukatalia kupanda, mfunge kamba apande yeye, kwa moyo mmoja. Akisema "Sawa" bila kutazama, rudini nyumbani.