Kantonye ya ndani ya mwili

Siku ya mardi, magaribi

Mulozi tena! Kwa Mama, muke ya mujomba njo anakula banamuke ya hii familia. Koko, mama ya Mama, alikufa na kanseri ya ziwa, mama mukubwa vilevile, na sasa yaya Aline, dada yangu mukubwa, iko na uvimbe mu ziwa. Mama anataka maombi tu, dokta hapana.

Leo nilishindwa kunyamaza. Nikamuelezea ile nilisoma ku telefone. "Mama, mu mwili iko bakantonye, kama bale bafundi balirudi kuziba mashimo ku barabara ya Bogoro. Jeni, ile tunarithi ku bazazi, zinapasuka kila siku, beye banatengeneza. Lakini mu familia zingine, kantonye anazaliwa na kasoro. Mashimo inabakia, makamio ya mizigo inapita pembeni, barabara yote inaharibika. Dokta akiona alama za ile mashimo mu kanseri, anajua kantonye hakukuwa anatengeneza."

Mama akacheka. "Eh, dokta ya telefone!" Kisha akauliza pole pole, "Basi ile kasoro inatoka ku nani? Ku miye?"

Sikufikiria hiyo! Nilitaka kuondoa mashitaka juu ya muke ya mujomba, nikamubebesha Mama mwenyewe.

"Hakuna mwenye alichagua, Mama."

Akaenda kufunga mbuzi. Nikasema mu roho, nimeharibu yote.

Akarudi, akasimama ku mulango. "Kesho munaenda ku dokta. Aline na weye."

"Miye niko muzima, Mama."

"Weye pia ni miye nilikuzaa."

Basi tutaenda siye batatu. Mama hajajua bado kwamba naye atapimwa.