Skrini Yangu ya Nyimbo Imenianika Kanisani

Ondieki, usinipigie. Nimejificha nyuma ya choo cha kanisa.

Unajua ile skrini niliunda ya kuonyesha namba za nyimbo? Pasta ameiwasha leo mbele ya watu wote, ikatoa takataka. Herufi na alama ovyo ovyo. Mama Gesare akasema, "Labda inanena kwa lugha."

Mimi fundi mkubwa nikasema ni stima. Wazee wakahamisha waya hadi soketi ingine. Takataka ile ile.

Kumbe ile bodi ya kuiendesha inatuma herufi kwa kasi moja, skrini inasoma kwa kasi ingine. Kosa langu mwenyewe. Nikafungua laptop pale pale, nikalinganisha kasi, nikasimama kando nikijisikia profesa.

Maandishi yakatokea safi. Lakini haikuwa namba ya wimbo. Ilikuwa ile sentensi nilikuwa naijaribia skrini nayo nyumbani. Pasta akaisoma kwa maikrofoni, polepole: "Phelis, nikuoe lini?"

Phelis ni binti yake, Ondieki. Alikuwa hapo mbele na kwaya.

Phelis akasema, "Mageto, kwanza tuonyeshe namba ya wimbo."

Hajasema hapana. Umesikia? Hajasema hapana.