Siku ya Tatu ya Msiba wa Mama

Dallas, Texas
Oktoba 2018

Kwa Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umeinuka, unakula, na magoti yamekupa nafuu. Sisi huku miili ni mizima. Wifi yako Asha anakuamkia, amesimama nyuma yangu ananiambia nisikuandikie kwa hasira. Nimemwambia sina hasira. Amecheka, amekwenda zake jikoni.

Nimeona niandike maana kwenye simu unanikatiza. Barua anakuja nayo mama mmoja wa msikitini kwetu, pamoja na ile dawa yako ya kuchua.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli nilifunga mlango msiba wa Mama ukiwa siku ya pili, watu wakatawanyika bila kuanua tanga. La pili ulilitupia mwishoni, kama mtu anayeonja chumvi: "Huko kwenu si kuna viongozi, kila siku tunawaona kwenye televisheni wakihutubia habari za weusi na weupe? Hawawezi kuwapatanisha?" Dada, mimi naona hilo ni swali moja. Ukisikia ya mlango, utakuwa umesikia na ya viongozi.

Mlango nilifunga. Binamu yetu Zuhura hakusema uongo. Ila Zuhura yuko Houston, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka kwangu, na hayo aliyokusimulia naye alisimuliwa.

Unajua kwa nini sikuja kuzika. Makaratasi yangu ya ukaazi bado hayajatoka, na huku anayesafiri kabla hajayapata anaweza kuzuiwa asirudi kwa mkewe. Basi nikasema, kama siwezi kumfukia Mama kwa mkono wangu, nitamkalia msiba siku tatu kama alivyotufundisha.

Na kukaa najua. Zamani, tulipokuwa kwenye maghorofa ya Vickery Meadow, nafanya kazi ya ghala kule Garland na muda unaobaki najifunza kutandika vigae, alifariki baba yake Deo, yule rafiki yangu Mrundi. Tulikaa nje siku zote tatu, Wakatoliki na Waislamu, chini ya ngazi za ghorofa, na masufuria palepale. Hakuna aliyeuliza kitu. Pale kila mtu yuko nje, watoto wanapita na baiskeli katikati ya wafiwa. Nikajisemea, siku nikipata nyumba yangu yenye uwanja wa majani mbele, nitakaa msiba wa heshima kuliko huu. Nyumba nimeipata, dada. Nimeipata kwa haya magoti, kigae kwa kigae, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Na majani mbele yapo.

Siku ya kwanza tuliazima viti thelathini vya plastiki msikitini. Wanawake ndani na Asha, wanasoma. Wanaume nje kwenye majani, kahawa, tende, mazungumzo ya chinichini. Deo alikuja na Warundi wenzake watatu, Wakatoliki, wamevaa suti. Nilitulia moyo. Nilisema Mama anaona.

Ng'ambo ya barabara anakaa Bi Karoli, mjane wa Kizungu, umri wake haupishani sana na wa Mama. Si mtu mbaya. Mwaka juzi vigae viwili vya kizingiti chake vilipasuka, nikavuka nikamtengenezea, akanipa keki ya ndizi. Kila asubuhi tunapungiana mikono. Basi siku ile alisimama juu ya vigae vyangu akawa anatutazama. Nikampungia. Naye akapunga, lakini mkono haukufika juu.

Utaniuliza kwa nini sikuvuka nikamwambia nimefiwa. Dada, huko kwetu nani anatangaza msiba kwa mtu anayeuona? Viti nje ndiyo tangazo lenyewe. Jirani akiona wanaume wamekaa nje kimya, anaacha alichoshika, anakuja. Mimi nilikaa nikimngoja aje. Yeye, kumbe, alikuwa anangoja tuondoke.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, magari mawili ya polisi. Wakashuka vijana wawili, mmoja mweupe, mmoja mweusi kama mimi. Aliyeongea ni mweupe.

"Mwenye nyumba nani?"

"Mimi."

"Kuna shughuli gani hapa?"

"Mama yangu amefariki."

"Pole sana, bwana. Mwili uko ndani?"

"Hapana. Uko Afrika. Wamemzika jana."

Akavitazama viti, akanitazama mimi. "Kwa hiyo hapa hakufa mtu."

"Hapa hakufa mtu."

"Na hawa?"

"Wamekaa."

"Wanangoja nini?"

Hebu nijibu wewe, dada, maana mimi nilishindwa. Watu waliokaa msibani wanangoja nini?

Deo naye, hajui kunyamaza yule, akasema kwa Kiswahili, "Mwambie tunangoja pilau." Watu wakacheka. Unajua kicheko cha msibani kinavyoponyoka. Kicheko kile ndicho kilichotuharibia. Yule askari mweusi, ambaye muda wote hajanitazama usoni, akapeleka mkono kiunoni na kusema, "Mnacheka nini?" Ndani nako wanawake wakanyamaza. Kisomo cha Mama kikakatika katikati.

Hawakumkamata mtu. Sitawasingizia. Walisema hatujavunja sheria, ila kuna jirani ana wasiwasi, na kama inawezekana tuingie ndani. Wakatoa pole tena, wakaondoka. Lakini hesabu ya watu wangu naijua mimi. Pale nje, robo tatu tunasubiri makaratasi, na anayesubiri hataki jina lake liandikwe popote na askari, hata kwa wema. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wananishika bega. Mzee mmoja alinong'ona, "Mwanangu, Mungu anapokea hata ya ndani." Ilipofika alasiri tumebaki watatu na viti thelathini. Nikaviingiza. Nikafunga mlango. Ndivyo nilivyofunga.

Sasa njoo kwenye swali lako la viongozi, kwa sababu na mimi nililiamini. Wiki ile mtaani kwetu alikuwa anapita mgombea wa uchaguzi, anagonga milango. Mzungu mwenye tabasamu zuri, mabango yake yameandikwa "Tuungane". Nikamkumbuka Mzee Kibwana, mjumbe wetu wa nyumba kumi. Mlafi wa chai yule, na hasira za karibu! Lakini Mama alipogombana na Mama Hadija kwa ajili ya maji machafu ya mfereji, mzee aliitisha mkutano? Alibeba kigoda chake, akakitia ndani ya mfereji wenyewe, miguu kwenye uchafu, akasema, "Siondoki hapa mpaka mpike pamoja." Jua halijazama, Mama na Mama Hadija wanamcheka wote wawili. Nikawaza, huyu wa tabasamu ndiye mjumbe wao. Nikaenda kwenye mkutano wake wa kuzungumzia ubaguzi wa rangi, nikangoja zamu yangu, nikamwambia, "Mheshimiwa, nina jirani. Njoo tukae watatu, yaishe."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nakusikia, Rajabu. Jumamosi nitakuja."

Asha aliniambia, "Huyo haji kupatanisha."

Nikamwambia, "Wewe unawadharau sana watu."

Basi Jumamosi nikapanga viti vitatu sebuleni. Kimoja cha mheshimiwa, kimoja cha Bi Karoli, kimoja changu. Asha pamoja na kunung'unika kwake akakaanga sambusa. Mheshimiwa alikuja kweli, na watu sita na kamera. Hakuingia ndani. Alisimama pale pale kwenye majani tulipokaa msiba, akaipa mgongo nyumba ya Bi Karoli kwa sababu ya mwanga, akasema maneno mazuri: jamii moja, mioyo iliyo wazi, mimi ni rafiki yake. Alikula sambusa moja. Alipomaliza nikamwambia, "Haya mheshimiwa, jirani yuko pale. Tuvuke."

Akageuka. Nami nikaona alichokiona. Bango lake la "Tuungane" limechomekwa kwenye majani ya Bi Karoli.

Akaniwekea mkono begani. "Mabadiliko huchukua muda, Rajabu."

Ile barabara nimeipima, dada, kwa futi kamba yangu ya kazini. Mita tisa.

Nilikasirika siku mbili, kisha nikapiga hesabu, hasira ikaniisha. Nikabaki na kitu kibaya zaidi ya hasira. Mimi sina kura. Bi Karoli anayo, na mashoga zake wa kanisani wanazo. Mheshimiwa akivuka nami, anapata sifuri kwangu na huenda akapoteza za kule. Akisimama kwenye majani yangu na kamera, anazipata za wanaopenda kuona hivyo, na za Bi Karoli hazipotei. Ningekuwa mimi, nikiwa nataka kushinda, ningefanya vilevile. Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika, maana naweza kumlaani mtu mbaya, lakini hesabu nitailaani vipi? Mzee Kibwana hakuhitaji kushinda kitu. Alihitaji kulala bila kelele za mfereji.

Na Bi Karoli? Aliona kamera akajua nimemshitaki kwa dunia nzima. Mapazia yake hayajafunguka upande wa kwetu tangu siku ile. Wiki iliyopita tulikutana tunatoa mapipa ya taka.

"Mngeniambia tu," akasema.

"Na wewe ungeniuliza tu."

"Nilikuwa peke yangu. Wanaume wote wale."

"Mmoja wao ndiye aliyekutengenezea kizingiti."

Akatazama chini. Nilidhani atasema neno. Akasema, "Ukaniletea kamera," akaingia ndani. Hapo alisema kweli.

Utasema labda tatizo ni kwamba yule mgombea ni Mzungu. Shemeji Salehe, mume wa Zuhura, ndivyo alivyoniambia. "Njoo Houston, shemeji, huku tuna viongozi weusi, utaona tofauti." Nilikuwa na kazi ya vigae vya bafu kule Stafford, pembeni ya Houston, nikapitia kwake, akanipeleka kwenye chakula cha jioni kwa mheshimiwa mmoja, mweusi, msomi, sauti yake unaweza kuilalia. Alihutubia vizuri kuliko yule wa kwetu. Baadaye nikamkuta nje kwenye magari, amelegeza tai, nikamweleza habari za viti. Hakuniambia ananisikia. Alicheka kidogo, akasema, "Ndugu yangu, mimi asubuhi nikikimbia mtaani kwangu navaa fulana yenye jina la ofisi yangu, herufi kubwa, mbele na nyuma. Mke wangu ndiye aliyeishona. Nataka wanisome kabla hawajaniogopa."

Salehe akawasha gari, tukaondoka. Mimi nikamwambia, "Haya, tofauti nimeiona. Wa kwangu hawezi kuvuka barabara, na wa kwako hawezi kukimbia bila fulana."

"Wewe nawe," akasema, "una mdomo."

Kwa hiyo dada, jibu langu ni hapana. Siwezi kusema hawafanyi kitu. Zamani mtu mweusi asingeuziwa nyumba mtaa huu. Ilipitishwa sheria, leo ninayo. Sheria inaweza kumlazimisha mtu aniuzie nyumba. Haiwezi kumfanya mwenzangu wa ng'ambo ya barabara aone viti akadhani ni msiba. Hiyo inataka mtu wa kutia kigoda kwenye mfereji, na mimi tangu nifike sijamwona. Mkiwaona wanahutubia kwenye televisheni, sikilizeni kama mnavyosikiliza habari za mvua ya nchi nyingine.

Arobaini ya Mama tutaifanyia Stafford. Salehe amepata ukumbi, madirisha yake yako juu sana, karibu na dari, na mashine ya baridi inanguruma hata msomaji itabidi apaze sauti. Asha alitaka tufanyie hapa nyumbani. "Ukihama uwanja wako mwenyewe," akaniambia, "utakuwa umewaachia." Nimemkatalia. Sitaki kumwona tena mtu mzima ananishika bega na kuondoka upesi kama aliyeiba. Lakini najua ananihesabia kwamba nimeshindwa. Ni kweli nimeshindwa, dada. Sitaki wewe uambiwe na Zuhura.

Niamkie Ba'mdogo, mwambie asinisemee kwa wazee kabla hujamsomea haya. Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote, na yule mdogo anayelala na kanga ya Mama msimnyang'anye. Mpe salamu nyingi Mama Hadija. Nimesikia alikesha na wewe siku zote tatu, na kwamba kuni zilikuwa zake.

Sasa ombi langu. Hiyo siku ya arobaini mkimaliza dua, msinyanyuke. Ongezeni siku moja, ile ya tatu ambayo mimi nilimkatia Mama. Toeni viti vyote, vya ndani na vya kuazima, vipangeni nje mpaka mguu wa mwisho uguse barabara. Kaeni kutwa nzima. Msizungumze jambo la maana. Atakayepita atawaona, atasimama, atavuta kiti.

Hakuna atakayewauliza mnangoja nini.

Mdogo wako asiyekusahau,
Rajabu