Taa ya Kijani ya Mtambo wa Kilimani

Mpendwa Mbok Luh, dada yangu,

Om Swastiastu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lombok, wewe na shemeji, na kwamba mtoto ameacha kukohoa. Sisi hatujambo, goti la Mama limetulia, na juzi alipanda ngazi zote za hekalu bila kulitaja. Umeniuliza mambo mawili: kama nimethibitishwa kazini pale redioni, na kama nimeliona bakuli la Mama la alumini, lile la sadaka, unalodhani binamu Sukerti aliliazima akalisahau. Nitayajibu yote, ila kwa utaratibu.

Unajua mimi ni karani wa barua tu. Lakini kitabu cha mtambo wa kurushia matangazo kimeandikwa Kiingereza, na Pak Gusti, meneja wetu, akasema aliyesoma ni mimi, basi nimsaidie Bli Lanus, fundi. Akaniambia wazi kwamba Jumatatu anakuja mkaguzi wa masafa: mtambo ukiwa sawa, nitaajiriwa, usipokuwa sawa, nirudi nikachunge bata wa Baba.

Tuna mitambo miwili, mmoja mjini, mmoja hapa kilimani, na yote hurusha kwa masafa yaleyale. Kila mmoja ulifuata saa yake ya ndani, na saa hizo hazikukubaliana, kwa hiyo watu wa bondeni, wanaoipata yote miwili, walisikia sauti ikiyumba kama mlevi kwenye tuta la mpunga. Mtambo wa mjini ulikwisha kufungiwa kisanduku kinachopokea mapigo ya saa kutoka setilaiti. Sasa ilikuwa zamu ya wetu. Bli Lanus akafunga antena ya kisanduku paani, ndogo kama uyoga, akavuta waya hadi nyuma ya mtambo. Mimi nikasoma, yeye akabonyeza: rejea ya ndani, yaani saa yake, ondoa; rejea ya nje, yaani setilaiti, weka. Kisha mtambo ukauliza ufanye nini rejea ya nje ikipotea, urudi kwenye saa yake au unyamaze. Nikasema unyamaze, ni salama zaidi. Bli Lanus akacheka kwamba mtoto wa Mama Luh huogopa hata kivuli cha jogoo, lakini akabonyeza. Baada ya dakika ishirini taa ikawa ya kijani, na mama mmoja wa bondeni akapiga simu kuuliza kama tumebadilisha mtangazaji.

Jumamosi ilikuwa Tumpek Landep, sikukuu ya vyuma. Tulivipa vyuma vyote sadaka zao: pikipiki, kompyuta, nyundo za Bli Lanus, na mtambo wenyewe ukavikwa kitambaa cha njano. Saa nane mchana, katikati ya arja, ule mchezo wa kuimbwa, binti mfalme akiwa karibu kumtaja mchumba wake, mtambo ukanyamaza. Taa ikawa nyekundu. Mzee mmoja alipiga simu kuuliza kama aliyekufa ni binti mfalme au ni sisi. Bli Lanus alifungua kila skrubu, bure. Pak Gusti alinitazama tu, kama mtu anayehesabu bata.

Jumapili asubuhi nikakisoma tena kitabu. Kilisema: taa ikiwa nyekundu, hakikisha antena inaona mbingu. Nikakimbilia paani.

Mbok, alfajiri ya Tumpek nilipanda paani peke yangu. Kila chuma kilikuwa na sadaka yake isipokuwa ile antena, na niliogopa kuinyima. Nikaiwekea sadaka miguuni, kisha, kwa hofu ya mvua, nikaifunika yote kwa bakuli la Mama. Bila kuiona setilaiti, kisanduku kilijihesabia chenyewe kwa saa kadhaa, halafu kikachoka.

Nililiinua bakuli. Baada ya muda nikasikia huko chini matangazo yakirudi, na Bli Lanus akiisifu skrubu yake ya mwisho. Ningeweza kunyamaza. Nilishuka na bakuli mkononi nikamweleza Pak Gusti. Akauliza taratibu kama ni kweli niliivika antena kofia, kisha akacheka hadi akafuta macho.

Jumatatu mkaguzi alisoma kumbukumbu za mtambo. Akasema kituo kilichopoteza rejea kikanyamaza, badala ya kuwavuruga wengine, hakioni kila mwezi, akauliza nani alichagua hivyo. Bli Lanus akaninyooshea kidole. Nimeajiriwa.

Basi mwombe Sukerti radhi kwa niaba yangu. Bakuli limetundikwa kwenye mlango wa paa, limeandikwa “Kofia ya Ketut”, na Pak Gusti hataki kulitoa. Tafadhali nitumie jingine kabla ya sikukuu ya Galungan, kabla Mama hajalihitaji.

Mbusu mtoto, msalimie shemeji. Om Santih.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Ketut Wirasa