Kwa Baba Oketch, Mwenye Orodha ya Koo za Okidi

Chwi. Chwi. Chwi. Hakujapambazuka, taa haijawashwa, na pampu yako ndogo ya kunyunyizia maji inalia dirishani. Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipoiweka chini, lakini mpaka leo mmoja wetu akiisikia usingizini huita, "Baba, umeamka?" Mama hujibu gizani, "Lala wewe. Ni mimi namnywesha mtu wake."

Watu wako. Ndivyo ulivyoziita okidi. Miaka thelathini na moja ulitunza bustani ya Bwana Rajnikant kule Milimani, na pale wengine walipoona maua, wewe uliona koo. "Ukikutana na mtu hapa Kisumu, kwanza unauliza ni wa wapi, ni wa nani," ulituambia. "Okidi pia. Jina la kwanza ni la ukoo, la pili ni lake mwenyewe." Vitabuni ukoo huo huitwa jenasi. Ukaanza kuziorodhesha jenasi zako kwenye daftari la kurasa mia mbili, penseli nyuma ya sikio, miwani imefungwa kwa uzi wa wavu. Ansellia, uliyoiokoa kwenye mti uliokatwa karibu na Awasi. Polystachya. Eulophia. Uliyatamka majina polepole, kama mtu anayesalimia wageni mmoja mmoja.

Watu wa sayansi walipoamua kwamba Ascocentrum ni Vanda tu, ulilipiga jina lile mstari kwa rula, ukarudi nyumbani kimya. Mama akauliza, "Nani amekufa?"

"Ukoo mzima," ukasema. Akakuletea chai.

Tunakumbuka wema wako. Ukinunua omena, dagaa wa ziwani, kule Dunga, kikombe cha kwanza kilikuwa cha jirani, ndipo vije vyetu. Na mimi Debra, nilipompata Benta nikaacha shule, ni wewe uliyeniandikisha masomo ya jioni. Ulikaa nje ya darasa umembeba mjukuu wako, ukimbembeleza kwa majina ya jenasi. Mtoto alisema "Vanda" kabla hajajua kusema "maziwa."

Lakini zile ulizozipenda kupita zote ni chotara, zilizozaliwa na koo mbili, majina ya wazazi yakaunganishwa kuwa moja. Brassavola na Cattleya, mtoto ni Brassocattleya. Mama alikuchokoza siku moja: "Haya, mimi binti Mukhwana nimezaa na wewe Oketch. Mtoto ni nani?"

"Mukhwaketch," ulijibu, wala hukutabasamu.

Maskini Masinde! Mpaka leo ndugu yangu anaitwa hivyo kwenye kibanda chake cha mitumba pale Kibuye, hata na wateja.

Baba, kuna jambo ambalo hujaambiwa.

Miezi mitano baada ya kukuzika, Shilpa, mkwe wa Bwana Rajnikant, alituita. Nyumba ya Milimani ingebomolewa. Chuo kimoja kilikubali kuzichukua okidi zako, ila zile tu zilizokuwa na jina kwenye orodha. Chungu kisicho na jina kingeondolewa, apewe yeyote anayetaka. Kazi ya kulinakili daftari lako kwenye kompyuta nikapewa mimi.

Nililinakili kwa mapenzi yote. Jenasi zilikuwa thelathini na nane. Lakini kumi na tano kati yake zilikuwa na alama hii mbele: ×. Na alama hiyo, Baba, mimi naijua mno. Daftari langu la hesabu limejaa hiyo. Nikasema moyoni, maskini Baba, haya majina ya kuunganisha yalikuwa mzaha kama Mukhwaketch, akayatia kosa mwenyewe. Sikutaka watu wa chuo wayaone makosa yako. Nikaziacha zote nje, nikapeleka ishirini na tatu, nikajiona nimekusitiri.

Ukurasa wa mwisho ndio ulioninyima raha. Uliandika: "× Angrangis. Mama yake Aerangis, baba yake Angraecum. Nimewaoza mwenyewe kwa kijiti cha meno. Bado kuchanua. Tusubiri." Nani huandika kosa halafu akalisubiri? Na kosa lako wewe si lilipigwa mstari kwa rula?

Jioni hiyo nilimwonyesha Mwalimu Ondiek wa hesabu darasani. Alicheka mpaka chaki ikamponyoka. "Debra! Hii si kosa. Hii ni alama ya kuzidisha! Mzee anakwambia hapa koo mbili zimezaa."

Kuzidisha! Na vyungu vilikuwa viondoke kesho yake asubuhi.

Kulipopambazuka, mimi na Masinde tulikuwa tunakimbia kupanda Milimani. Tulikuta vyungu vyote kumi na vitano juu ya mkokoteni, gurudumu limeshatoka nje ya lango. Masinde akajitupa mbele yake.

"Wewe, toka!" mwenye mkokoteni akafoka. "Kwani ni nini? Si ni sukuma wiki imekauka?"

"Sukuma wiki ni wewe!" Masinde akamjibu. "Hawa ni ndugu zangu! Uliza Kibuye yote, mimi ni Mukhwaketch!"

Shilpa akatoka na kikombe chake mkononi. "Debra, mbona nyinyi napigana na mtu ya mkokoteni asubuhi hivi?" Nikamweleza, nalia, nataja kosa langu mbele ya kila mtu. Akalichukua daftari, akafungua kurasa taratibu, akapitisha kidole juu ya mwandiko wako.

"Hii mkono ya Oketch," akasema. "Kama Oketch naandika, basi iko. Rudisha yote. Mimi tapigia chuo simu sasa hivi." Kisha akakiinua chungu cha Angrangis, akampa Masinde. "Isipokuwa hii. Hii Oketch nazalisha mwenyewe. Iende kwa Oketch."

Kwa hiyo pumzika, Baba. Watu wako thelathini na saba wako chuoni, kila mmoja na kibao chake, za asili kwa chotara, na × imesimama pale ulipoiweka. Juu ya orodha wameandika jina lako. Nami nimemaliza mtihani wangu, nimeomba nafasi katika chuo hicho hicho, nisomee mimea. Niombee.

Na wa thelathini na nane? Baba, laiti ungekuwepo! Mwezi jana Angrangis ilitoa kikonyo, chembamba kama njiti ya kiberiti. Mama alipiga kelele, majirani wakaja mbio wakiuliza nani anajifungua. Vikaja vitumba vinne vya maua. Masinde alikuwa anafunga kibanda mapema ili aje kuvitazama, na Mama akamkataza hata kuvipumulia. Juzi cha kwanza kikafunguka. Ua jeupe, Baba, jeupe kabisa! Lina ule mkia mrefu wa mama yake, na mdomo mpana wa baba yake. Miaka minane uliyosubiri. Nimechukua kalamu yangu, na kwenye daftari lako, mbele ya "Bado kuchanua," nimeandika tarehe.

Tunaokukumbuka ni mkeo Jentrix, binti Mukhwana, wanao Debra na Masinde, mkweo Ouma, mume wangu, mjukuu wako Benta, na Shilpa, aliyeomba jina lake liwekwe hapa pamoja na jamaa. Siku zote umo mioyoni mwetu, Baba, wala hatutachoka kukutaja.

Jana jioni tulimwinua Benta hadi kwenye ua. Akaliwekea pua, akafumba macho. Kisha akasema kwa sauti, nyumba nzima ikasikia:

"Ua la Babu linanukia."