Picha ya Mlango wa Hondohondo

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limetulia. Mama naye nampa shikamoo. Mwambie ninakula vizuri. Mimi sijambo, ila nguo hazikauki: mvua ya msitu huu ikikatika huku, inaanzia kule.

Najua mnangoja jibu langu kuhusu nafasi ya mjini aliyonitafutia Baba Mdogo. Nivumilie kwanza nikueleze habari ya picha.

Kazi yangu hapa ni kuandika maelezo chini ya picha za wanyama. Mpiga picha wetu aliteguka mguu hondohondo walipoanza kulea. Jike la ndege huyu hujifungia ndani ya tundu la mti, akaziba mlango kwa udongo, akabakiza ufa wa kupitishiwa chakula na dume. Bosi alitaka picha ya ufa huo, na aliyebaki anayeijua kamera ni mimi tu. Jukwaa la kupigia liko juu ya mti ulio jirani, na hufikiwa kwa ngazi. Unanijua, Baba, hata balbu za nyumbani nilikuachia wewe ubadilishe.

Nilipanda, na nilipofika juu nikaganda. Askari wa msitu alinicheka kutoka chini, akasema karani amegeuka gome, wadudu wataanza kumtoboa. Kumbe wenzangu huwafukuza ndege kwa kujikuna na kugeukageuka. Mimi hata mate sikuthubutu kumeza. Dume akatua karibu kabisa, akatoa tunda kooni, na ncha ya mdomo wa jike ikachomoza ufani kulipokea. Kidole changu peke yake ndicho kilichokuwa na ujasiri, kikabonyeza.

Picha hiyo sasa imetundikwa mapokezi. Mpiga picha alikuja na magongo yake, akaitazama, kisha akamwomba bosi nisirudishwe mezani.

Baba, nafasi ya mjini nimeikataa. Nimemwambia Baba Mdogo kwa simu. Wewe sikuweza kukuambia. Alisema nimerukwa na akili, kisha akauliza kama zipo picha nyingine. Najua majirani ulikwishawatangazia. Ngazi bado naiogopa, na hasira yako naiogopa zaidi, lakini kila asubuhi napanda. Nakala ya picha imo ndani ya bahasha. Kabla hujanijibu, itazame.

Wasalimie wote, na mdogo wangu mwambie aviache viatu vyangu.

Ni mimi mwanao,
mpiga picha.